Uzi wa Nne

Mwezi wa Disemba mwaka 2023 nilirejea nyumbani Kaplong nikiwa na mkoba wa vitabu, rasimu ya sura ya tatu ya tasnifu yangu, na pakiti moja mpya ya nyuzi za gita. Vitabu na rasimu vilikuwa vyangu. Nyuzi zilikuwa za Baba Mdogo. Juma moja kabla ya hapo alikuwa amenipigia simu na kuniarifu, kwa maneno machache kama ilivyo desturi yake, kwamba mwimbaji wa bendi yao ya zamani alikuwa amefariki. Kwamba mazishi yangefanyika Jumamosi. Kwamba mjane ameomba gita lipigwe siku hiyo. Na kwamba gita lenyewe limekataa kusikizana. "Niletee nyuzi nyembamba mbili," akasema, kisha akakata simu.

Nyuzi nyembamba mbili! Nilitabasamu. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba nyuzi za gita huuzwa sita sita ndani ya pakiti, kila moja kwa unene wake, na kwamba mzee wangu amezoea umaskini wa kununua uzi mmoja mmoja kama mtu anunuaye sigara mojamoja kibandani. Nikanunua pakiti nzima jijini Nairobi. Nilijiona mkarimu. Insha hii ni ungamo la ukarimu huo.

Kwa msomaji asiyekujua kwetu, Kaplong ni njia panda. Barabara itokayo Kericho kupitia Kapkatet na Litein hukutana hapo na ile itokayo Narok na Bomet, kisha safari huendelea kuelekea Sotik na Kisii. Pande zote ni chai. Asubuhi kuna baridi ya kuuma vidole, adhuhuri jua huwaka, na alasiri mvua hunyesha bila ya kuomba ruhusa. Nayataja haya ya hali ya hewa si kwa kupamba mandhari, bali kwa sababu uzi wa chuma unayajua kuliko sisi. Chuma kikipata joto hurefuka, uzi ukalegea na sauti yake ikashuka. Kikipata baridi hujikaza, sauti ikapanda. Gita lililolinganishwa saa kumi na mbili asubuhi penye umande si gita lile lile saa saba mchana.

Aidha, nchi hii si ngeni kwa nyuzi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet akarekodi nyimbo za Wakipsigis zilizoimbwa kwa chepkong, kinanda chetu cha nyuzi. Miongoni mwazo zimo zile zinazoitwa Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake iliingia vijijini kwa njia ya santuri. Wasichana wakamwimba kama kiumbe wa ajabu, nusu mtu, nusu paa. Baadaye gita likaja, kisha gita la umeme. Kericho kulikuwa na studio na santuri za Chandarana. Kipchamba arap Tapotuk na Koilong'et Band wakaifanya lugha ya Kikipsigis isikike redioni. Bendi ya Baba Mdogo haikufika mbali hivyo. Ilipiga harusini, kwenye sherehe za shule, na mwisho wa mwezi katika kumbi za mabati baina ya Litein na Sotik, hadi miaka ya 1990 ilipotawanyika. Yeye akarudi kwenye chai yake. Gita likaning'inizwa ukutani, likishushwa Jumapili jioni tu.

Alhamisi asubuhi, Baba Mdogo alipokwenda kuchuma chai, nililishusha gita na kuliweka juu ya meza. Ni gita la Kijapani, zito, ambalo jina lake kichwani lilikwisha kufutika. Nikalichunguza kama tulivyofundishwa kuichunguza matini: kwanza umbo, kisha maudhui.

Kasoro ya kwanza ilikuwa kwenye vigingi, yaani vile vya kukazia nyuzi. Nyuzi zilikuwa zimezungushwa mara saba au nane na kupandiana kama kamba ya ndoo iliyofungwa na mtoto. Uzi uliopandiana hivyo hauwezi kutulia. Kila upigwapo, mizunguko husogeleana kidogo, na sauti hushuka. Mizunguko miwili au mitatu iliyopangwa kushuka chini inatosha.

Kasoro ya pili ilikuwa kwenye kile kijiti cheupe kilicho mwanzo wa shingo, chenye vijia sita ambamo nyuzi hupita. Nilipokaza uzi wa tatu, sauti haikupanda, nikakaza tena, kimya, nikakaza mara ya tatu, uzi ukalia "ting!" na kuruka juu kupita nilipotaka. Maana yake ni kwamba uzi unakwama kijiani. Kigingi huvuta, lakini mvuto hauvuki upande wa pili mpaka uzidi nguvu, ndipo uzi uchomoke kwa ghafla. Dawa yake ni rahisi. Nilichonga penseli nyeusi, nikausugua unga wake kijiani ili uzi upate kuteleza.

Kasoro ya tatu ilikuwa kutu. Uzi uliopata kutu na uchafu hauna uzito sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hata ukilinganishwa ukiwa wazi, ukiubana katikati utasema uwongo. Kipimo chake ni kipingo cha 12. Hapo ndipo nusu ya uzi, na sauti ya kipingo hicho sharti iwe mara mbili kamili ya ile ya uzi ulio wazi. Ikizidi, kile kipande cha daraja kinachoubeba uzi hurudishwa nyuma ili uzi urefuke; ikipungua, husogezwa mbele.

Hadi hapa, msomaji mpenzi, nilikuwa sahihi, na sioni haya kujisifu. Nyuzi zote nilizikata katikati kwa koleo ili niziondoe haraka. Nikafunga mpya, nikazivuta kwa mkono ili zimalize kunyooka, nikazilinganisha, nikazivuta tena, mara nne au tano. Kisha nikaweka simu juu ya meza, na programu ya kulinganishia nyuzi ikaanza kuniongoza kwa mshale wake. Uzi wa tano, A, ulitetema mara 110 kwa sekunde. Uzi wa tatu, G, mara 196. Kila mshale uliposimama katikati, taa ya kijani iliwaka, nami nikafurahi kama mwanafunzi aliyewekewa alama ya vema.

Sasa nieleze nililolipita bila kuliona. Katika nyuzi zile kuukuu, uzi wa nne haukuwa wa kawaida. Uzi wa nne wa gita, D, huwa mnene, umeviringishiwa waya juu. Wa Baba Mdogo ulikuwa mwembamba, mtupu, sawa na uzi wa kwanza. Nikajiambia: masikini mzee, wa nne ulikatika, akatia kiraka alichokuwa nacho. Ndani ya kijia chake, ambacho kilikuwa kipana kuliko uzi, kulikuwa na kipande cha njiti ya kibiriti. Nikakitoa na kukipuliza kama takataka. Na kule darajani, kipande kinachobeba uzi wa nne kilikuwa kimesogezwa mbele, nje ya safu ya wenzake. Nikakirudisha nyuma. Dalili tatu zilikuwa mbele ya macho yangu, zote zikisema jambo moja: kwamba kuna mtu aliyefikiri hapa. Mimi niliyekaa miaka mingi darasani nikijifunza kwamba hakuna neno la bure katika matini nzuri, nilizisoma zote tatu kama makosa ya uchapaji.

Jioni Baba Mdogo alirejea kutoka kituo cha kununulia chai, akanawa mikono, akaketi. Nilimkabidhi gita kwa mikono miwili. Alipapasa nyuzi kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipiga sauti ya kwanza, akaridhika tena. Kisha akaanza ule utangulizi wa wimbo ambao ulikuwa wa marehemu. Vidole vilikwenda, lakini baada ya mapigo machache vikasimama. Akaanza tena. Vikasimama pale pale.

"Weri," akaniita, "yule mdogo yuko wapi?"

Sikumwelewa.

"Uzi wa nne. Yule mdogo."

Nilimweleza, kwa ule ufasaha wa mtu asiyejua anachokisema, kwamba uzi ule haukuwa wake, kwamba nimeweka unaostahili, na kwamba hata simu imethibitisha kuwa ni D. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika, laiti angekasirika! Alisema tu, "Nilikuambia nyuzi nyembamba mbili," akaliegemeza gita ukutani, akatoka kwenda kuwatazama ng'ombe ambao walikuwa wamekwisha kukamuliwa.

Mama Mdogo ndiye aliyenifungua macho tukiwa jikoni. Miaka ya 1970, bendi za Kongo kama Super Mazembe na Les Mangelepa zilipopiga kambi Nairobi, mtindo wao ulienea hadi kwetu. Baba Mdogo, kijana wakati huo, alikutana na mpiga gita mmoja mjini Kericho aliyemwonyesha siri moja: ondoa uzi wa nne mnene, tia mahali pake mwembamba, kisha uukaze hadi D ya juu. D ya kawaida hutetema karibu mara 147 kwa sekunde. Hii hutetema karibu mara 294. Jina la noti halibadiliki. Ndiyo sababu programu ya simu yangu, iliyoonyesha herufi kubwa na tarakimu ndogo ambayo sikujali kuitazama, haikuniona mkosaji. Lakini kinachobadilika ni kikubwa. Mpigaji akiteremka kutoka uzi wa tatu kwenda wa nne, sauti badala ya kushuka hupanda, ikarudi kumetameta juu ya zile nyingine. Wakongomani huliita gita la aina hii mi-composé, nalo katika bendi zao hukaa baina ya gita la solo na lile la ridhimu, likiziba pengo la kati. Bendi ya Baba Mdogo ilikuwa na magita mawili tu. La kwake lilibidi lifanye kazi ya mawili, na uzi wa nne ndio uliokuwa mtu wa ziada.

"Yule marehemu," Mama Mdogo akaongeza, "alikuwa akingoja uzi huo ulie ndipo aingie kuimba. Alikuwa haoni vizuri. Alikuwa hategemei kuangaliwa."

Usiku huo sikupata usingizi upesi. Nilikuwa nimetengeneza gita likawa zima kuliko lilivyokuwa kwa miaka ishirini, na nilikuwa nimeikata sauti iliyomwita mtu aimbe. Tena nilikuwa nimezikata nyuzi za zamani kwa koleo, zote, katikati.

Ijumaa tulianza kutafuta. Katika pakiti mpya uzi mwembamba ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa mahali pake pa kwanza. Madukani Kaplong, Sotik na Litein hapakuwa na uzi wa gita, na siku haikutosha kwenda Kericho na kurudi kabla ya vifaa kupelekwa nyumbani kwa marehemu. Nilikuwa tayari kukiri kushindwa. Baba Mdogo aliingia stoo, akatoka na waya wa breki ya baiskeli.

Wazee wetu wote waliopiga gita vijijini wanaujua waya huo. Ndani ya kamba moja ya breki mna nyuzi nyingi za chuma zilizosokotwa. Aliifungua ncha kwa kisu, akauchomoa uzi mmoja taratibu ili usipinde, nami nikaushika upande mmoja huku yeye akiunyoosha kwa kitambaa kilichotiwa mafuta. Kutoka kwenye mabaki niliyoyakata akachukua ile shanga ndogo ya shaba iliyo mwisho wa uzi, akaupitisha waya, akausokota mara tano kwa koleo. Alitoa mfukoni kibiriti, akavunja njiti, akaichonga kwa wembe na kuiweka kijiani. Kisha akakisogeza mbele kipande cha darajani kwa bisibisi, akisikiliza kipingo cha 12 bila ya simu. Aliusogeza, akapiga, akausogeza, akapiga. Nilipomwonyesha mshale baadaye, ulikuwa umesimama katikati.

Jambo moja tulibishania. Uzi wa tatu, kwa mujibu wa simu, alikuwa ameushusha kidogo. Nilimwambia uko chini. Akasema, "Uko chini kwa simu. Sikiliza." Akapiga E kuu, na ama kwa hakika ilikuwa tamu, imetulia kama maji mtungini. Kisha akaupandisha hadi taa ya kijani ilipowaka, akapiga tena. Nikasikia mawimbi madogo yakigombana ndani ya sauti.

Baadaye nilisoma na kuelewa kwa nini. Vipingo vya gita vimepangwa ili oktava igawanywe katika hatua 12 zilizo sawa, ili mtu aweze kupiga wimbo kwa ufunguo wowote. Usawa huo una gharama: noti ya tatu ya kodi kuu huwa juu ya ile ambayo sikio hulitaka kwa asili, kwa kiasi cha sehemu 14 kati ya 100 za hatua moja. Katika E kuu noti hiyo hupatikana kwenye uzi wa tatu, kipingo cha kwanza. Ukiushusha uzi huo, E inakuwa tamu, lakini G kuu inachechemea. Hakuna njia ya kuzifurahisha zote mbili. Simu hugawa kasoro kwa usawa kwa kila ufunguo, kwani haijui utapiga nini. Baba Mdogo alijua atakachopiga. Nyimbo za bendi yao karibu zote zilikuwa katika E, kwa sababu hapo ndipo sauti ya marehemu ilipokaa vyema. Alikuwa ameilinganisha ala na koo la mtu mmoja.

Tuliuacha uzi chini.

Jumamosi, baada ya ibada, jenereta iliwashwa, amplifaya ikanguruma. Jua lilikuwa limewaka, na nilihofia waya wa breki. Baba Mdogo alianza ule utangulizi. Uzi wa nne ulilia, mkali kidogo kuliko inavyopasa, una sauti ya bati. Kisha pakawa na nafasi ambayo mwimbaji angeingia. Hakuna aliyeingia. Alizungusha utangulizi mara ya pili, uzi ukaita tena, nafasi ikapita. Mara ya tatu mjane, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, akaanza kuimba kwa sauti ndogo, na watu wa rika lao wakamfuata. Katikati ya ubeti wa pili waya ulilegea kwa joto. Baba Mdogo, bila ya kusimamisha mkono wa kulia, akafikisha wa kushoto kigingini, akaukaza robo mzunguko, akaendelea. Sidhani kama watu kumi waligundua.

Niliporudi kwenye rasimu yangu Jumapili usiku, niliisoma kwa macho mengine, na hapa ndipo nafika kwa wenzangu wa chama hiki.

Tasnifu yangu inahusu nyimbo za Kiswahili zilizotungwa na wanamuziki ambao lugha yao ya kwanza ni Kikipsigis. Nyimbo za Baba Mdogo zimo. Katika kuzinakili kutoka kwenye kanda nilikuwa nimezisafisha. Hakuna aliyenituma, niliona ni adabu tu kwa msomaji. Yeye aliimba "hii dunia iko na mambo". Mimi niliandika "dunia hii ina mambo". Sarufi ikanyooka, taa ya kijani ikawaka. Usiku ule nilihesabu mizani kwa vidole, kama tulivyofundishwa mwaka wa kwanza: hi-i-du-ni-a-i-ko-na-ma-mbo, kumi. Kisha yangu: du-ni-a-hi-i-i-na-ma-mbo, tisa. Nilikuwa nimeinyang'anya tuni silabi moja. Mtu akitaka kuuimba wimbo huo kutoka kwenye tasnifu yangu, pigo moja litabaki bila ya neno la kulibeba. Nilipoendelea kuhesabu nilipata mistari 23 niliyoivunja namna hiyo, na hakuna hata mmoja ambamo mtunzi mwenyewe alikuwa amekosea hesabu.

Ajabu ni kwamba mimi ni mfuasi wa mizani. Nimetetea darasani Sheria za Kutunga Mashairi za Amri Abedi, zilizotoka mwaka 1954, dhidi ya wenzangu wanaoapa kwa Kichomi cha Kezilahabi cha mwaka 1974. Nimesema mara nyingi kwamba shairi bila urari wa mizani ni maneno yaliyopangwa tu. Nami ndiye niliyeuvunja urari nikidhani natengeneza.

Tena nikajiuliza: Muyaka wa Mombasa tunamsoma kwa Kimvita chake, na asiyeelewa neno hutafutiwa maelezo. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973, imejaa Kimvita, wala hakuna mhariri mwenye akili ambaye angethubutu kuigeuza iwe ya Kiunguja. Mbona basi mtunzi wa bara, asemaye Kiswahili cha njia panda kati ya Kericho na Kisii, namtilia uzi mnene bila ya kumwuliza?

Msimamizi wangu, nilipomweleza haya, aliniuliza swali la haki. "Je, kila kosa sasa ni mtindo? Basi tufunge idara." Nilimjibu kwa gita. Vigingi vyenye mizunguko minane havikuwa mtindo. Uzi uliokwama kijiani haukuwa mtindo. Kutu haikuwa mtindo. Baba Mdogo mwenyewe aliridhika yote hayo yalipoondolewa, na asingetaka yarudi. Katika kanda vilevile kuna mahali alipokosea neno, akacheka, akarudia. Hapo nasahihisha kama yeye mwenyewe alivyojisahihisha. Lakini palipo na njiti ya kibiriti iliyochongwa kwa wembe, mtu alikaa akafikiri. Kwa hiyo nimejiwekea maswali mawili kabla ya kugusa mstari wowote: je, mwenyewe hulirudia jambo hili vile vile kila aimbapo? Na nikiliondoa, ni kitu gani kitakacholegea? Jibu la swali la pili halipatikani kwa kutazama. Sharti mstari uimbwe.

Msimamizi hakusema kwamba nimemshawishi. Alisema niandike tanbihi ndefu ya kueleza utaratibu wangu, kisha akaniomba nimletee kanda asikilize. Nimeirudisha mistari yote 23. Sura imechelewa kwa miezi miwili, na karo ya muhula mmoja imeongezeka juu ya deni nililokuwa nalo. Sijutii, ingawa siwezi kusema kwamba haikuniuma.

Gita limerudi ukutani. Uzi mnene wa D nilioununua Nairobi Baba Mdogo ameukunja vizuri na kuurudisha ndani ya pakiti yake, akautundika kwenye msumari huohuo, kwa kuwa yeye hatupi kitu. Waya wa breki bado umo katika nafasi ya nne, umeanza kupata kutu. Juma lililopita alinipigia simu. Alinijulia hali, akaniuliza kama shule inaendelea, akaniambia chai imepata mvua nzuri. Kisha akasema anachokitaka.

Safari hii nilimwomba arudie, nikaandika kama alivyosema: nyuzi nyembamba, mbili.